Kikohozi cha Maji ya Ndimu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kadiri karatasi hii itakavyozibeba. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na Mama na watoto wote, na kwamba goti la Mama limetulia tangu mvua zikatike. Usimwache abebe ndoo. Akikwambia bado ana nguvu, mwambie mwanawe kakataza, na kama hanisikii mimi basi alisikilize goti lenyewe. Na huyo kitinda mimba wako, mpwa wangu ambaye bado sijamtia machoni, ameota meno? Sisi huku tunavuta siku. Nimechoka hoi bin taabani, lakini uchovu si ugonjwa, na hilo ndilo nataka tulimalize kabla ya mengine.

Barua yako nimeipata. Unasema dereva wa lori amekuambia kwamba nakohoa karakanani kutwa nzima kama mzee wa tumbaku, kwamba maji mapya yamenila mapafu, na kwamba umelia mpaka Mama akakufokea. Unataka nikunje godoro nirudi nyumbani kabla hujaletewa sanduku. Kisha ukauliza lile la pili, kwa maneno machache kama mtu anayeona haya: mbona mumeo haji likizo, wakati aliondoka mimba haijajitokeza na sasa mtoto anatambaa? Ukauliza kama kuna mwanamke mwingine.

Dada, kifua changu ni kizima. Na mwanamke mwingine hakuna. Tunalala chumba kimoja, vitanda viwili, na kwa namna shemeji anavyokoroma, mwanamke wa kumvumilia zaidi yako bado hajazaliwa. Haya mengine nakuandikia kwa sababu simu ni yake na chumba ni kimoja, kila nitakachokueleza kwenye simu atakisikia. Ila nivumilie nianzie mbali kidogo, maana nikianzia katikati utaelewa vibaya, kama kawaida yako.

Unajua kazi yetu ni kuchovya. Tunatundika vitasa vya milango, mabomba, miguu ya viti, ndani ya tangi la maji yenye madini yaliyoyeyuka, tunapitisha umeme, na madini yanang'ang'ania chuma kama ngozi mpya. Watu wanaona kitasa kinang'aa dukani wanadhani kilizaliwa hivyo. Miaka yote tangi letu lilikuwa la sianidi. Utakumbuka sheria ya ndimu, maana ulinicheka sana mara ya kwanza nilipokuja nyumbani nikairuka ndimu mezani kama mtu aliyeona nge. Asidi ikikutana na sianidi inatoka hewa inayoua kabla hujamaliza kupiga kelele. Kwa hiyo mlangoni tulikuwa tunapekuana vyakula. Ndimu, limau, chungwa, embe bichi, vyote vilibaki nje kwa mlinzi, ambaye alinenepa kwa machungwa yetu. Tulitaniana, lakini Kasuku tulimzika, yule mwenzetu mwenye maneno mengi niliyewahi kuja naye ukampikia akasifia mpaka chumvi. Alisuuza ndoo ya asidi karibu na tangi, kidogo tu kikaingia ndani. Tangu siku hiyo hakuna aliyeona haya kumpekua mwenzake.

Sasa basi, ndimu yenyewe imeingia kwa mlango wa mbele, tena kwenye magunia. Bosi aliajiri mkemia, binti mdogo kwa umri, mpole, anayekula chakula chake amesimama, na binti huyo akasema sianidi itoke. Mahali pake akaleta maji ya sitreti, ambayo ni chumvi ya asidi ileile iliyomo kwenye ndimu. Aliyaweka katika chumba cha mbali, akaamuru tangi la zamani lifunikwe na kutiwa kufuli hadi waje watu wa kulichukua, na mtu asithubutu kuvuka na ndoo kutoka huku kwenda kule. Sisi tukayaita maji ya ndimu, jina likakaa.

Binti Mkemia alitueleza kwa subira. Katika maji haya kuna shaba na bati, na tunataka vyote viwili vikae pamoja juu ya chuma ili rangi iwe ya dhahabu. Lakini shaba ina haraka na bati ni zito. Ukiviacha vyenyewe, shaba inakimbilia chuma peke yake. Sitreti inaishika shaba mkono, inaichelewesha, mpaka bati nalo lifike. Shemeji akasema basi sitreti anaijua, ndiyo mke wake, maana naye bila kushikwa mkono angekuwa ameshakimbilia pabaya zamani. Tulicheka, na Binti Mkemia akacheka kuliko sote.

Baada ya kicheko kikaja kilio. Sianidi ilikuwa mbaya lakini ilikuwa na uvumilivu, ukikosea kidogo inakusamehe. Maji ya ndimu yana nongwa. Umeme ukipungua, kitasa kinatoka chekundu, shaba tupu. Ukizidi, kinatoka cheupe kama sufuria. Ukizidi sana kinaungua, kinakuwa cheusi chenye chenga. Tena maji yenyewe yaliota ukungu, Dada! Kwenye sianidi hata mbu hakuthubutu kutua, lakini huku tulifika asubuhi tukakuta utando juu ya tangi kama juu ya mkate uliosahauliwa, vijidudu vimepata chakula cha bure. Tukachuja, tukaosha tangi, tukaanza upya. Tulifanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Shemeji ndiye aliyeteseka zaidi. Mtu ambaye karakana nzima inamwita Fundi Mkuu, aliyeijua sianidi kwa kusikiliza mapovu yake, alisimama kwenye mashine ya umeme akizungusha kitufe kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Ndipo fundi seremala mmoja alipoturudishia mzigo. Alikuwa amefunga vitasa vyetu nyumba nzima. Akavimwaga mezani, vyekundu, vya njano, vyeupe, akasema mwenye nyumba amemuuliza kwa nini milango yake imevaa viatu vya kuazima. Vyote hivyo shemeji ndiye aliyevikagua na kuvipitisha. Nilimtazama. Alikuwa ameshika kimoja cheupe pe, anakisugua kwa kidole gumba, anasema hiki mbona kizuri, dhahabu kabisa hii.

Sikusema kitu mbele za watu. Tulipofika chumbani nilimuuliza. Kwanza alinitukana, matusi yetu yaleyale ya shemeji na shemeji, kisha utani ukamwishia. Akasema macho yamechoka kidogo, ni vumbi la mashine za kung'arishia, yatapona. Akasema rangi zimefifia tu kama nguo iliyofuliwa sana. Akaniomba nimsitiri kwa muda. Nami, Dada, nilitaka iwe vumbi. Mtu akichoka huamini lolote litakalomwacha alale.

Tukatunga lugha yetu. Yeye akae kwenye mashine, mimi kwenye tangi, ambako naviona vitasa vikipata rangi. Nikikohoa mara moja, bado ni vyekundu, aongeze umeme. Mara mbili, rangi imekaa, asiguse kitu. Nikisafisha koo kwa kirefu, vinaanza kuwa vyeupe, apunguze. Hicho ndicho kikohozi kilichokuliza. Hakikutoka kifuani, kilitoka kwenye macho ya mumeo.

Kikafanya kazi, na hapo ndipo kiliponiponza. Vitasa vikaanza kutoka vya dhahabu, vinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Bosi akafurahi. Binti Mkemia akasema mkono wa shemeji una akili. Akafanywa msimamizi wa chumba kipya, habari ambayo alikupigia simu kukupa, nawe ukapiga vigelegele mpaka nikavisikia nikiwa kitandani kwangu. Mimi nikawa mtumwa wa koo langu mwenyewe. Nilifanya kazi yangu na nusu ya kazi yake. Sikuweza hata kwenda msalani bila kumgusa bega kwanza ili azime mashine. Jioni koo linawaka, nasukutua maji ya chumvi, naye ananiuliza kwa nini nimenuna. Kuna siku nilimwonea hasira mpaka nikatamani akosee mbele ya watu, halafu nikajichukia kwa kutamani hivyo.

Wenzetu nao wakaanza kunitazama kwa huruma. Mmoja akahamisha kikombe chake mbali na changu. Wengine wakaanza kusema vifua vinawabana, maana ukikaa karibu na mtu anayekohoa, koo lako nalo huanza kuwasha. Maneno yakaenea kwamba maji ya ndimu yanakula mapafu polepole, afadhali sianidi iliyokuwa inaua mara moja. Kisha ikafika siku ya dereva wa lori, huyohuyo mleta habari wako. Alikuja kuchukua mzigo akiwa na mafua, akasimama mlangoni kupiga soga. Mimi nilikuwa nimechoropoka kwenda msalani, na siku hiyo nilisahau kumgusa shemeji bega. Dereva akakohoa, mara moja. Shemeji akaongeza umeme. Dereva akakohoa tena. Shemeji, mtiifu, akaongeza. Niliporudi maji yalikuwa yanafoka mapovu na vitasa vyote vilivyotundikwa vilikuwa vimeungua, vyeusi tii. Kama masaibu hayo yasingekuwa yangu, ningecheka mpaka nikae chini.

Bosi alituita sote. Alisema amechoka. Watu wanakohoa, mali inaungua, na tangi la zamani bado lipo na maji yake, na wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Akaamua kufuli lifunguliwe turudi kwenye sianidi. Binti Mkemia hakubishana naye. Aliomba jambo moja tu, kwamba kwanza kifua changu kipigwe picha, ili kama maji yake yanaua watu naye ajue.

Picha ilipotoka aliniita, akaishikilia dirishani. Akasema mapafu haya ni safi kuliko yake. Kisha akaniuliza, basi, nakohoa nini? Hakuuliza kwa ukali. Nilitazama nje kupitia dirisha lilelile, nikamwona Bosi na mlinzi wanahangaika na kufuli lililoshika kutu. Nikamkumbuka Kasuku. Nikajua kwamba nikinyamaza nitawarudisha watu wote mle ndani ili kumsitiri mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni shemeji yangu. Nikamwambia kila kitu. Alitoka, akamwambia Bosi kwamba kifua changu ni kizima na vitasa vimeungua kwa kosa la mashine kuachwa, si kwa kosa la maji. Kufuli likabaki palepale. Siku hizi rangi inaangaliwa chini ya taa nyeupe, kwa kulinganisha na vipande vya mfano vilivyopangwa ukutani, na koo langu limepumzika.

Shemeji alinisusia. Hakula nami, hakunitania, alikuwa akiingia chumbani anageukia ukuta. Ningependelea anipige. Lakini Binti Mkemia alimwendea mwenyewe, akamsihi kama mtoto anavyomsihi baba, na mwishowe tukaenda wote watatu kwa daktari wa macho.

Dada, sasa nafika kwenye lile ambalo mumeo aliniapisha nisikwambie. Kaa chini kwanza. Si vumbi. Daktari alisema ni presha ya macho, inakula mishipa ya ndani taratibu, bila maumivu, mpaka siku mtu anashtuka. Jicho la kushoto limekwisha, hata taa haioni nalo. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, mbele tu, tena penye mwanga mwingi. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kuzuiliwa kisipotee, kwa upasuaji, lakini ufanywe mapema. Akichelewa, na tundu hilo litazibika. Alipangiwa siku, hakwenda. Akapangiwa nyingine, akasema kazi zimembana.

Ndiyo maana haji likizo. Anaogopa kushuka kwenye basi akupite umesimama pembeni, ujue. Na upasuaji anauogopa kwa sababu jicho lenyewe ni moja. Anaona daktari akiligusa likaharibika, ataamka gizani kabla hajamwona mwanawe hata mara moja. Nikimwambia aende nyumbani kwanza amwone mtoto, anasema utajua. Nikimwambia apasuliwe kwanza, anasema hatamwona. Nimebembeleza, nimefoka, nimemwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akanijibu kwamba hafi. Kwa hilo ana haki, hafi. Anakaa tu, na kila siku tundu linazidi kuwa dogo.

Ile picha ya mtoto uliyotutumia anakaa nayo kwenye mfuko wa shati, hata kazini chini ya aproni. Juzi aliitoa, akaisogeza karibu na uso, akaipeleka dirishani, akairudisha kitandani. Kisha akaniuliza mtoto kafanana na nani. Nilimwambia kafanana na yeye, pua na paji la uso. Alifurahi, Dada. Alifurahi mpaka ikabidi nitoke nje. Kusema kweli mtoto yule ni Mama mtupu, hadi ule mdomo wa kulalamika.

Nakuomba uje. Usimpigie simu kumwambia, atatafuta sababu. Wakubwa waachie Mama, panda na huyu mdogo tu, na ufike mchana jua likiwa juu. Ukimwona usimwite ukiwa pembeni. Nenda usimame mbele yake kabisa, karibu, maana pembeni kwake hakuna kitu. Mtoe mtoto nje kwenye mwanga, umwachie amshike na amtazame kadiri anavyotaka, usimharakishe. Akisema kafanana naye, mkubalie. Ukishamaliza hayo ndipo umshike mkono mwende kwa daktari. Mimi hanisikii, na Binti Mkemia anamwonea aibu, lakini wewe sijawahi kumwona akikukatalia jambo ana kwa ana. Habari ya kazi yake tutaizungumza baadaye. Bosi si mtu mbaya.

Najua utanikasirikia kwa kuchelewa kukwambia, na yeye atanikasirikia kwa kukwambia. Nimevunja kiapo chake na sijutii, ila sina nguvu ya kujitetea kwenu wote wawili kwa mpigo, kwa hiyo mkitaka kunigombeza pangeni zamu.

Nisalimie Mama, umwambie kifua cha mwanawe kimepigwa picha na ni kizuri kuliko sura yake. Wabusu watoto. Msalimie na huyo dereva, umwambie akiwa na mafua akae ndani ya lori lake.

Shemeji yuko hapa kitandani kwake anasikiliza redio. Ameniuliza namwandikia nani barua ndefu hivi, nikasema wewe. Anasema nikuandikie kwamba yeye hajambo kabisa, ni kazi tu zimezidi. Anasema pia kwamba utume picha nyingine ya mtoto, ila safari hii iwe kubwa zaidi.

Ni mimi mdogo wako wa kufuatana ziwa,
Bwana Lawama